Kulipa Ada ya Mwaka ili Ununue kwa Bei ya Jumla: Je, Kuna Faida?

SWALI

Ndugu Mshauri, salaam nyingi.

Mimi ni mama wa watoto wanne, na nyumbani kwetu Cheyo, Tabora, tunakula watu wanane kwa sababu tunaishi na mama mkwe wangu pamoja na mdogo wangu anayesoma. Wifi yangu anaishi Dallas, Marekani, na kila tunapozungumza hunisimulia habari za duka la Costco, ambako hulipa ada kila mwaka ndipo aruhusiwe kununua, naye husisitiza kwamba bila kadi ile asingemudu matumizi ya nyumba yake. Sasa majirani zetu wanataka tuanzishe kikundi cha manunuzi cha kaya kumi na mbili. Kila kaya itatoa Sh. 24,000 kwa mwaka, kisha tutakuwa tunanunua mafuta ya kupikia, sukari, sabuni na mchele kwa bei ya jumla na kugawana kila mwezi. Mume wangu hakubali. Anasema hiyo ni kulipia kitu kisicholipiwa, maana maduka ya jumla ya hapa mjini yapo wazi kwa kila mwenye fedha. Naomba unisaidie: ni nani mwenye hesabu sahihi kati ya wifi yangu, majirani na mume wangu?

Mama wa Cheyo, Tabora

JIBU

Mama, kila mmoja kati ya hao watatu anaweza kuwa sahihi pale alipo. Kosa huingia pale hesabu ya Dallas inapoletwa Tabora bila kupigwa upya. Nitaanza na ya wifi yako, kwa kuwa ndiyo rahisi zaidi kuikagua.

Maduka ya jumla ya wanachama yalianzia San Diego, katika jimbo la California, mwaka 1976, wakati Sol Price na mwanawe Robert walipofungua Price Club ndani ya jengo ambalo awali lilikuwa banda la ndege. Waliolengwa mwanzoni walikuwa wafanyabiashara wadogo waliohitaji mahali pa kuchukua bidhaa za kuuza tena, na ada ilikuwa dola 25 kwa mwaka. Duka la kwanza la Costco lilifunguliwa Seattle mwaka 1983, mwaka ambao Sam's Club, duka jingine la namna hiyo, nayo ilianza, na mwaka 1993 Costco na Price Club zikaungana. Utaratibu wao haujabadilika sana tangu hapo: aina za bidhaa ni chache, kiasi cha 4,000 hivi, wakati duka kubwa la kawaida la Marekani huwa na makumi ya maelfu, vifungashio ni vikubwa, mapambo ya duka hayapo, na Costco imejiwekea kikomo cha kutoongeza zaidi ya takriban asilimia 14 juu ya bei iliyonunulia bidhaa, au asilimia 15 kwa bidhaa zenye chapa yake ya Kirkland Signature. Kwa kuwa nyongeza hiyo ni ndogo, sehemu kubwa ya faida ya kampuni hutoka kwenye ada zenyewe, ambazo katika mwaka wa fedha wa 2024 zilifikia takriban dola bilioni 4.8.

Hilo la mwisho ningependa ulitafakari kwanza. Mwanachama anayelipa ada hajaokoa chochote siku hiyo. Ameingia kwenye hasara ndogo ambayo anapaswa kuifidia kwa manunuzi yake ya mwaka mzima. Tangu tarehe 1 Septemba 2024, ada ya kawaida ya Costco nchini Marekani ni dola 65, kutoka dola 60 iliyokuwepo tangu mwaka 2017. Iwapo wifi yako anaokoa asilimia 10 kwa wastani akilinganisha na duka ambalo angelitumia bila kadi, basi dola 650 za kwanza anazotumia kwa mwaka, yaani kama dola 54 kwa mwezi, humrudishia ada tu. Faida yake inaanzia hapo. Kwa nyumba yenye watoto, yenye gari linalojazwa mafuta katika kituo cha duka hilohilo, na yenye friza ya kuhifadhia nyama, kiasi hicho huvukwa mapema sana, na ndiyo maana namwamini anaposema kwamba kadi inamsaidia. Ikiwa anafikiria ile kadi ya daraja la juu ya dola 130, inayorejesha asilimia 2 ya manunuzi mengi hadi kikomo cha dola 1,250 kwa mwaka, ajue kwamba zile dola 65 za ziada hurudi pale tu manunuzi yake yanapofika dola 3,250 kwa mwaka, sawa na dola 271 hivi kwa mwezi. Chini ya hapo, kadi ya kawaida inamtosha. Tena Costco ina utaratibu wa kumrejeshea ada mwanachama asiyeridhika, jambo ambalo wengi hawalitumii hata pale kadi inapokaa mwaka mzima bila kazi.

Sasa tuje Tabora, ambako mume wako ameona jambo la kweli. Kwetu hakuna mlinzi mlangoni anayedai kadi. Ukiwa na fedha ya mfuko mzima wa sukari au dumu zima la mafuta, mwenye duka la jumla atakuuzia, awe anakufahamu au hakufahamu. Kinachoizuia familia nyingi isinunue kwa bei ya jumla ni ukubwa wa fedha inayotakiwa kwa mara moja. Anayepata kipato chake kwa siku hununua robo lita ya mafuta ya kupima na nusu kilo ya sukari, akijua kabisa kwamba analipa zaidi kwa kila kilo, kwa sababu fedha ya mfuko wa kilo 50 hajawahi kuwa nayo mkononi kwa wakati mmoja ikiwa haina kazi nyingine. Kwa hiyo kikundi cha majirani wako kinatatua tatizo ambalo kadi ya Marekani haikulengwa kulitatua: kinaunganisha fedha ndogondogo hadi zifikie kiwango cha jumla. Mume wako akiwa na uwezo wa kununua dumu na mfuko kila mara bila kuyumbisha ada ya shule, basi hana haja ya kikundi. Kama hana uwezo huo, mlango ulio wazi haumsaidii.

Ada yenyewe ina faida au haina? Tupige hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu, ili uone njia. Wewe weka za soko lako. Tuseme kwa mwezi nyumba yako hutumia lita 5 za mafuta, kilo 6 za sukari, miche 4 ya sabuni na kilo 20 za mchele. Mafuta ya kupima ni Sh. 6,000 kwa lita na ya dumu ni Sh. 5,300, kwa hiyo unaokoa Sh. 700 kwa lita, jumla Sh. 3,500. Sukari ikupunguzie Sh. 200 kwa kilo, upate Sh. 1,200. Sabuni ikupunguzie Sh. 300 kwa mche, upate Sh. 1,200 nyingine. Mchele, ambao hapa Tabora haujasafiri mbali sana na kwa hiyo tofauti yake huwa ndogo, ukupunguzie Sh. 150 kwa kilo, upate Sh. 3,000. Kwa mwezi umeokoa Sh. 8,900, na kwa mwaka Sh. 106,800. Toa ada ya Sh. 24,000, zibaki Sh. 82,800. Toa na mchango wako wa usafiri wa bajaji au mkokoteni, tuseme Sh. 1,500 kwa mwezi, ambayo ni Sh. 18,000 kwa mwaka. Umebaki na Sh. 64,800. Hiyo ni fedha ya kuheshimika. Inanunua madaftari na sare za mtoto mmoja, na kwa mtazamo huo majirani wamesema kweli.

Lakini fikiria kwamba mafuta yakikaa jikoni kwenye chombo kikubwa, mkono wa anayepika unakuwa mwepesi, na lita 5 za mwezi zinageuka kuwa 6. Lita hiyo moja ya ziada, hata kwa bei ya jumla ya Sh. 5,300, ni Sh. 63,600 kwa mwaka. Faida yako yote ya mwaka mzima sasa ni Sh. 1,200. Hakuna aliyeiba wala kilichomwagika. Mmekula tu zaidi kidogo kwa sababu kilikuwepo. Hapa ndipo nyumba nyingi zinapopotezea faida ya kununua kwa wingi, Dallas na Cheyo vilevile, na nasikitika kwamba watu wanaoshabikia manunuzi ya jumla huwa hawaliweki jambo hili kwenye hesabu. Dawa yake haihitaji fedha: pokea mgawo wako, kisha mimina matumizi ya wiki katika chupa ndogo na kopo dogo, na kilichobaki kifungiwe chumbani. Mpishi apike kutoka kwenye chupa ndogo, na ikiisha kabla ya wiki, mjue.

Jambo jingine, ambalo kwa mkoa wa Tabora nalipa uzito kuliko hata bei ya jumla, ni msimu. Mpunga na mahindi huvunwa baada ya mvua kwisha, na kuanzia Juni soko hujaa. Kufika Januari na Februari, wakati mashamba ni mabichi na maghala ni matupu, bei hupanda. Kwa nafaka, mwezi unaonunua una nguvu kuliko ukubwa wa mfuko unaonunua. Kikundi kinachokusanya fedha ya mchele tangu Januari na kuununua Julai kitaokoa zaidi ya kikundi kinachonunua gunia kila mwezi mwaka mzima. Sukari na sabuni hazina msimu wa kijijini, kwa hiyo hizo zinaweza kununuliwa kwa mwezi.

Ukiweka nafaka ya miezi mingi, hata hivyo, unaingia kwenye kazi ya ghala. Na Tabora ina historia ya pekee hapa, kwa sababu ni mkoani humu ambamo dumuzi, mdudu aliyeingia nchini kwa bahati mbaya kutoka Amerika ya Kati, alionekana kwa mara ya kwanza katika nchi yetu kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, akila mahindi na muhogo mkavu kwa kasi iliyowafanya wakulima wampe jina la Scania. Mahindi yasiyohifadhiwa vizuri hugeuka unga mbele ya macho yako, na gunia ulilonunua kwa bei nafuu linakuwa ghali kuliko la Februari. Hakikisheni nafaka imekauka: tia punje katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, subiri kama robo saa, na ukiona chumvi imeganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Iliyokauka ihifadhiwe katika mifuko ya kinga njaa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, ambayo huzuia hewa na hivyo kuwakosesha wadudu pumzi. Mfuko huo ukifunguliwa kila siku hauna kazi, kwa hiyo kila anapofungua, mwenye nyumba atoe chakula cha mwezi mzima na kuufunga tena barabara.

Nimalizie kwa upande wa kikundi chenyewe, maana hiyo Sh. 24,000 lazima mjue inakwenda wapi. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, baadhi yao wafumaji, walichanga pauni moja kila mmoja wakafungua duka dogo la unga, siagi, sukari, shayiri na mishumaa. Kilicholifanya duka hilo kuwa mfano kwa ushirika wa dunia nzima ni kwamba ziada iliyopatikana iligawiwa kwa wanachama kulingana na kiasi ambacho kila mmoja alinunua. Kwenye duka la wifi yako ada ni mali ya kampuni. Kwenye kikundi chenu ada ni yenu, na iwekwe katika kanuni tangu siku ya kwanza kwamba itakayobaki mwishoni mwa mwaka itarudi kwa kaya kwa kadiri ya manunuzi yao. Na kila kaya iingie kwa hiari. Wazee wa Tabora wanakumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, wakati maduka ya watu binafsi yalipoamriwa kufungwa ili ya ushirika yachukue nafasi kabla ya hayo ya ushirika kuwa tayari. Wananchi walipata shida ya bidhaa, na amri hiyo ikabidi isitishwe.

Kwa hiyo, mama, ushauri wangu ni mjiunge kwa miezi mitatu na bidhaa mbili tu, mafuta na sukari, na ada ilipwe kwa robo mwaka, yaani Sh. 6,000. Andika katika daftari bei ya dukani kwenu na bei ya kikundi siku ileile, pamoja na lita na kilo mlizotumia. Mkae na mume wako mwisho wa mwezi wa tatu, mlisome daftari hilo pamoja.

SWALI

Ndugu Mshauri, mimi ni kijana ninayeishi peke yangu katika chumba cha kupanga Mwanga, Kigoma. Rafiki zangu kazini hununua kila kitu kwa jumla, na wananiambia kwamba ninapoteza fedha kwa kununua dagaa na maharage kidogokidogo. Je, ni kweli?

Kijana wa Mwanga

JIBU

Kwa sehemu kubwa si kweli kwako, ndugu yangu. Mtu mmoja hula polepole, na kila siku ambayo chakula kinakaa ni siku ya joto, unyevu na panya. Kwa sabuni, chumvi na mafuta ya mawese yaliyofungwa vizuri, ambavyo havikimbilii kuharibika, nunua kiasi cha miezi miwili ukipata bei nzuri. Maharage yanayoshuka kutoka Kasulu na Buhigwe nunua baada ya mavuno, lakini si gunia. Kilo 10 zinakutosha muda mrefu, na kabla ya kuziweka zianike juani.

Dagaa wanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu bei yao hufuata mwezi wa angani. Wavuvi wa Ziwa Tanganyika huvua usiku kwa taa, na taa hufanya kazi vizuri wakati wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kubwa, mavuno hupungua na mwalo wa Kibirizi unakuwa mkimya. Nunua siku za giza, ukiwa na akiba ya kukuvusha mbalamwezi, basi. Zaidi ya hapo ni lile zuio la uvuvi: mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Kipindi cha namna hiyo kikitangazwa, mtu anayepata dagaa waliokauka sawasawa anakuwa na sababu ya kununua zaidi ya kawaida yake. Dagaa anayepinda bila kuvunjika bado ana maji; usimweke ndani hata kama bei inavutia.

Ukitaka kunufaika na bei ya jumla bila kujaza chumba, nunueni pamoja watatu au wanne mnaoaminiana, mgawane papo hapo sokoni. Kikundi cha ukubwa huo hakihitaji ada.

SWALI

Kikundi chetu Nzega kilianza vizuri, lakini sasa kuna ugomvi kila tunapogawana, kwa sababu wa mwisho kupimiwa hupata pungufu. Tufanyeje?

Mweka hazina

JIBU

Acheni kupima kwa debe na sado. Debe moja linaweza kujazwa kwa kusindiliwa au kwa kumiminwa, likachukua uzito tofauti, na gunia mnalonunua kama lumbesa halina uzito ambao mtu yeyote anaweza kuuapia. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupiga marufuku ufungashaji huo. Nunueni kwa kilo, mkishuhudia mzani dukani, kisha tumieni fedha ya ada kununua mzani wenu wenyewe.

Halafu msigawe kilo 50 kwa watu kana kwamba zote 50 zitafika. Katika kila mfuko kuna kinachobaki kwenye kiroba, kinachomwagika na kinachozidi kidogo kwa kila mkono. Pimeni mfuko wote kwanza, tengeni kilo moja, gawaneni 49, na mwishoni ile iliyotengwa itumike kumjazia aliyepungukiwa. Ikibaki, iuzwe kwa mwanachama yeyote na fedha iingie kwenye daftari siku hiyohiyo. Anayepima awe wa mwisho kuchukua mgawo wake.